Simu ya Saa Nane na Dakika Sita

Simu ya mtambo wa Bantud iliita mpaka ikakatika. Perlita Catalbas, mwongoza gridi wa zamu, akapiga tena. Ikaita, ikakatika. Kwenye ukuta mbele yake kisiwa chote cha Panay, huko Ufilipino, kilikuwa kimechorwa kwa mistari ya kijani na namba zinazochezacheza, na mstari mmoja tu ndio uliokuwa unamtoa jasho ndani ya baridi yote ile ya kiyoyozi. Laini ya pili ya Salog. Ya kwanza ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, mafundi wanabadilisha vikombe vya kuhami waya. Umeme wote wa mtambo wa makaa wa Salog, megawati mia na ishirini, ulikuwa unapita kwenye hiyo moja iliyobaki.

Dakika mbili kabla, redio ya mkononi ya mafundi ilikuwa imekoroma.

"Manang, moshi!" Alikuwa Nonoy, fundi wa laini, ambaye kama wote kazini alimwita Manang, yaani dada mkubwa, na kikohozi juu. "Wamechoma shamba la miwa huku. Moto unakuja upande wa waya, na upepo wenyewe hauna adabu."

"Uko mbali kiasi gani?"

"Kama kutoka kanisani hadi kwenye baa ya Inggo."

"Mimi baa ya Inggo naijulia wapi, Nonoy?"

"Basi mita mia tatu, Manang."

Moshi mzito wa miwa ukifika kwenye waya, umeme unapata njia ya kuruka na laini inajikata yenyewe. Laini ikijikata, mia na ishirini zinapotea kwa mpigo mmoja, na siku hiyo akiba iliyokuwa inasubiri kuziba pengo ilikuwa tisini tu. Mwezi wa tano, saa nane mchana, kila feni kisiwani inazunguka. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Ila ratiba ya soko la umeme haikujua habari za miwa. Ratiba hutolewa na kompyuta kila dakika tano, na kompyuta inajua bei. Ilikuwa imepanga makaa ya Salog yatoe yote kwa sababu ni rahisi, na dizeli ya Bantud isitoe hata taa ya chooni kwa sababu ni ghali. Ndiyo maana mtu kama Perlita akawekwa pale. Ratiba ikipanga kitu ambacho waya haziwezi kukibeba salama, anaruhusiwa kuipangua. Masharti yake ni haya: atoe amri kwa simu ya kituo, ile inayorekodiwa, anayeamriwa airudie neno kwa neno, na sababu iandikwe kwenye kitabu cha zamu papo hapo.

Bantud ikaita mara ya tatu. Perlita alijua tatizo. Bening, mkuu wa zamu kule, alikuwa kwenye ukumbi wa injini akikagua mafuta, na mle ndani hata kengele ya kanisa husikii. Simu yake mwenyewe, lakini, Bening huiweka mfukoni mwa shati ili itikisike kifuani. Perlita akafungua mkoba, akatoa simu yake.

"Kumpare! Washa tatu, sasa hivi! Megawati thelathini na tano!"

"Ha?"

"Tatu! Thelathini na tano!"

"Nawasha injini tatu, megawati thelathini na tano, saa nane na dakika tatu!" Bening akairudia kwa kupayuka, neno kwa neno, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na miwili. Safari hii hakuna mashine iliyomsikia.

Baada ya hapo Perlita akainua simu ya kituo na kuwapigia Salog wapunguze hadi themanini na tano, pengo ambalo akiba ingeweza kuliziba. Aliyepokea ni Jobert Sumagaysay, kijana mmoja mbishi ambaye ukimwambia leo ni Jumanne atakuuliza umejuaje. Walivutana dakika nne nzima. Mwishowe akapunguza.

Na hakuna kilichotokea. Upepo ukageuka, moto ukala shamba la upande wa pili na kuishia kwenye mfereji. Laini ilisimama imara mpaka jioni. Katikati ya hayo Perlita alikuwa na simu sita za kupokea, kwa hiyo alikumbuka kuandika sababu kitabuni saa tisa na dakika kumi. Akaenda nyumbani, akala, akalala vizuri.

*

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Wenye mtambo wa Salog walikuwa wamelalamika kwamba wamepunguzwa kwa saa tatu bila sababu, laini haikuanguka, na aliyefaidika ni mtambo ambao mkuu wake wa zamu ni kumpare, yaani baba wa ubatizo wa binti wa mwongoza gridi mwenyewe. Kamati ilipotafuta amri ya Bantud kwenye rekodi, haikukuta neno. Ilipofungua kitabu, ikakuta sababu iliyoandikwa saa nzima baadaye. Perlita akaambiwa akae nyumbani mpaka asikilizwe.

Tangu siku hiyo kitambulisho chake kikawa hakifungui geti. Aliporudi kuchukua vitu vyake ilibidi asimame dirishani kwa mlinzi kama muuza bima. Mlinzi, Manong Ukoy, alikuwa anamjua kwa miaka kumi na tano; alisogeza daftari la wageni huku akiangalia pembeni.

"Jina, Manang."

"Manong Ukoy, hulijui jina langu?"

"Nalijua. Ila mwandiko uwe wako."

Akaandika. Safu iliyofuata iliuliza: *Unakuja kumwona nani?* Perlita akakaa na kalamu hewani. Alikuwa amekuja kuchukua kikombe chake cha kahawa na koti.

"Andika mimi," Manong Ukoy akasema taratibu. "Umekuja kuniona mimi."

Nyumbani, mumewe Wency alikuwa na kibanda cha supu ya tambi mbele ya nyumba, ile supu ya maini na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ambayo watu wa mji wa Iloilo wanaweza kuigombania mirathi. Kibanda kilitosha kulipa maji na karo. Kisingetosha kamwe kumsafisha damu Lola Puring, mama yake Wency, ambaye figo zake zilishachoka na ambaye alikuwa anakaa kwenye mashine mara tatu kila wiki. Mashine ile ilikuwa inaendeshwa na kadi ya bima ya kazini kwa Perlita. Kazi ikienda, kadi inakwenda nayo. Hakuna aliyelisema jambo hilo mezani, na kwa hiyo ndilo lililokuwa linakaa mezani kila mlo.

Alhamisi moja saa nne asubuhi Perlita akamkuta mama mkwe wake uani, anachambua mboga, amevaa gauni la nyumbani.

"Mama, leo si siku ya kliniki?"

"Leo nimeruka."

"Umeruka vipi?"

"Miguu yangu mizuri. Tazama." Lola Puring akanyoosha mguu uliovimba kama mkate. "Nimefikiri, nijizoeze mara mbili kwa wiki. Taratibu. Mtu akizoea mbili, akija kuambiwa moja hashtuki."

"Nani kakwambia utaambiwa moja?"

"Hakuna aliyeniambia. Ndiyo shida ya nyumba hii siku hizi, hakuna anayesema kitu. Hata redio mmepunguza sauti."

Perlita alitaka kugomba, akaacha. Akamtwalia bakuli la mboga, akaliweka chini, akaingia ndani kumletea gauni la kutokea. Alipokuwa anamfunga vifungo vya mgongoni, Lola Puring akasema, "Mimi sikuelewa hata kosa lako ni nini, mwanangu. Umeme ulikatika?"

"Haukukatika, Mama."

"Sasa wanalalamikia nini?"

"Hicho hicho."

"Watu wasomi wana kazi," akasema, na akakubali kupelekwa.

*

Jumamosi kabla ya kikao, kijana mmoja mwembamba aliketi kibandani, akaagiza bakuli kubwa. Wency akampa maini ya ziada kwa kuwa alionekana hajala tangu uchaguzi. Kijana akamaliza, akanywa mchuzi, akaomba mchuzi mwingine, ndipo akauliza kama Manang Perlita yupo.

"Nani anamuuliza?"

"Jobert. Wa Salog."

Wency akalitazama bakuli kama mtu anayepiga hesabu ya kurudisha maini. "Salog ile iliyomshtaki?"

"Ndiyo hiyo, Manong. Lakini supu yako ni tamu kweli."

Perlita akatoka mwenyewe kabla mumewe hajachukua mwiko. Ilikuwa mara ya kwanza anamwona Jobert. Kwa miaka minne walikuwa sauti mbili kwenye waya, zikigombana. Alikuwa amemfikiria mnene.

"Kumbe ndiyo wewe," akasema.

"Ndiyo mimi. Kaa, Manang, sina muda mrefu. Kazini wanajua niko kwa daktari wa meno." Jobert akajifuta mdomo. "Kamati imeomba rekodi ya simu ya Bantud."

"Ambayo haipo."

"Haipo. Lakini hawajaomba ya Salog. Simu yako na mimi. Saa nane na dakika sita. Injini ya kwanza ya Bantud ilianza kutoa umeme saa nane na dakika kumi na mbili, hiyo iko kwenye kumbukumbu za mita, hakuna anayeibishia. Kwa hiyo dakika sita kabla, ulikuwa unanieleza moto, upepo, mita mia tatu, akiba tisini, kila kitu. Nilikulazimisha useme mara tatu. Unakumbuka?"

Perlita alikuwa anakumbuka. Alikumbuka pia kitu kingine, ndiyo maana kwa wiki tatu alikuwa ameizunguka simu ile kama mtu anayezunguka shimo la choo usiku.

"Jobert. Unakumbuka nilisema nini kuhusu Injinia Tacardon?"

Jobert akajitahidi asicheke, akashindwa. "Zamu yetu nzima inakumbuka, Manang."

"Injinia Tacardon ni bosi wangu. Yuko kwenye kamati. Atakuwa amekaa hapa, mimi pale."

"Najua."

"Ataisikia kwa masikio yake, mbele ya wakili na mbele ya watu wenu wa tai."

"Najua, Manang. Lakini watu wetu hawataitoa, na mimi nikiitoa ni mwisho wangu. Wewe ukiiomba ni haki yako. Mimi nilichoweza ni kuja kula supu." Akasimama. Wency alikataa hela yake. Jobert akaiweka chini ya bakuli, akaondoka mbio mbio, ameshika shavu kama mtu aliyeng'olewa jino kweli.

Wency akamtazama mkewe. "Ulisema nini hasa?"

Perlita akamwambia.

Wency akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Mama yangu," akasema. Baadaye, alipoweza kupumua, akaongeza, "Iombe tu, Perlita. Akikufukuza, afadhali akufukuze kwa kweli uliyosema kuliko kwa upendeleo ambao hukuufanya."

*

Kamati ilikuwa na watu watatu nyuma ya meza ndefu: Wakili Zerrudo, mama mwenye miwani ya kamba aliyeletwa upande wa soko; bwana mmoja wa Salog mwenye tai; na Injinia Delfin Tacardon, mkuu wa kituo, nywele zimelala vizuri kwa mafuta.

Nonoy ndiye aliyetangulia kutoa ushahidi. Ndiyo, aliona moto. Ndiyo, alimwambia Manang kwa redio, ile ya mafundi, ambayo hairekodiwi.

"Saa ngapi?" Wakili Zerrudo akauliza.

"Baada ya kula."

"Ulikula saa ngapi?"

"Njaa iliponishika, Wakili."

Bwana wa Salog akatabasamu na kuandika kitu. Bening naye akaapa kwamba aliamriwa saa nane na dakika tatu, lakini bwana yule akamuuliza swali moja tu, kama yeye na mshitakiwa ni kumpare na kumare, na Bening, ambaye hajui kusema uongo wala kusema kwa sauti ya chini, akajibu "TANGU UBATIZO!" mpaka karani aliyekuwa mlangoni akachungulia.

Wakili Zerrudo akavua miwani. "Bibi Catalbas, mtu yeyote anaweza kuandika sababu nzuri saa nzima baadaye. Unacho kitu chochote kinachoonyesha kwamba uliijua sababu hiyo wakati ule?"

Perlita akamwona akilini Lola Puring na ule mguu wake, akiunyoosha, anautangaza mzuri.

"Ninacho. Naomba simu yangu kwenda Salog isikilizwe. Siku ile ile, saa nane na dakika sita."

Bwana wa tai akainua kichwa. "Nani amekwambia uombe simu hiyo?"

"Bwana, mimi ndiye niliyepiga. Nilikuwepo."

Fundi wa rekodi akatafuta, akabonyeza. Sauti ya Perlita ikajaa chumba, kali kuliko alivyodhani sauti yake ilivyo.

*"Salog, hapa kituo. Punguza kutoka mia na ishirini hadi themanini na tano. Anza sasa."*

*"Kwa nini?"*

*"Rudia amri kwanza, utauliza baadaye."*

*"Nitarudia nikishajua narudia nini. Ratiba yangu inasema mia na ishirini."*

*"Ratiba yako haina pua, Toto. Kuna moto wa miwa mita mia tatu kutoka laini ya pili na upepo unausukuma. Laini ikijikata tunapoteza mia na ishirini, akiba nina tisini. Umeelewa?"*

*"Na Bantud wanawashwa? Kwa kumpare wako?"*

*"Kwa kumpare wangu, ndiyo. Nyumbani kwa mama yako kungekuwa na dizeli ningempigia mama yako. Punguza!"*

*"Kwa nini tusisubiri laini ijikate kwanza?"*

*"Kwa sababu ikishajikata hutakuwa na mtu wa kumuuliza kwa nini! Moto, mita mia tatu, akiba tisini. Nikuimbie?"*

*"Basi mpe simu bosi wako athibitishe."*

Perlita akafumba macho.

*"Bosi? Saa nane hii? Injinia Tacardon yuko ofisini kwake amelala, mdomo wazi kama samaki wa soko la jioni, na akiamka atasema alikuwa anatafakari. Nikimwamsha, mpaka avipate viatu alivyovivua, mimi na wewe na yeye tutakuwa tunatafakari gizani. Moto, Jobert! Mita mia tatu! Akiba tisini! Punguza!"*

Kicheko cha Jobert, kirefu. Halafu, neno kwa neno: *"Napunguza kutoka mia na ishirini hadi themanini na tano, saa nane na dakika kumi. Samaki wa soko la jioni. Haya, Manang."*

Fundi akazima. Kiyoyozi kikasikika. Karani wa mlangoni alikuwa ameziba mdomo kwa faili. Bwana wa tai alikuwa anaangalia dari, kama aliyeona ufa.

Injinia Tacardon alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Akaiweka kalamu yake sambamba na ukingo wa karatasi, akaisogeza, akaisogeza tena. Perlita alianza kuhesabu ni nani anaweza kumpa kazi mwanamke wa miaka arobaini na sita anayejua kitu kimoja tu duniani.

"Wakili," Tacardon akasema hatimaye. "Naomba iandikwe kwamba siku hiyo, saa nane na dakika sita, nilikuwa nimelala."

Wakili Zerrudo akaandika.

"Na viatu nilikuwa nimevua, ni kweli. Kama Bibi Catalbas angekuja kuniomba ruhusa, tungepoteza dakika kumi. Kanuni haimtaki aombe ruhusa. Inamtaka aamue, na akaamua." Akaiachia kalamu. "Alichokosea ni kutumia simu ya mkoba wake na kuchelewa kuandika. Hilo lina adhabu yake na ataipata. Lakini mambo ya kumpare tuyaache. Kisiwa hiki kina watu wangapi wanaojua kuwasha injini ya dizeli? Wote ni kumpare wa mtu."

Wakili Zerrudo akavaa miwani, pengine kuficha macho. "Nimesikia sababu mara tatu," akasema. "Huyo kijana wa Salog anastahili pongezi kwa ubishi wake."

Wiki hiyo hiyo uamuzi ukatoka. Perlita akapewa onyo la maandishi, akarudishwa kazini Jumatatu. Bantud wakaagizwa wafunge taa nyekundu inayowaka ukumbini simu ikiita. Kwenye ngazi, siku ile ya kikao, Tacardon alimpita bila kusimama, lakini akasema akiwa amegeuza mgongo, "Samaki gani hasa?"

"Nisamehe, Injinia."

"Nauliza tu. Mke wangu naye husema kambale." Na akashuka.

*

Jumapili Perlita aliwaalika. Bening akaja na mkewe na mananasi mawili. Jobert akaja na shati lililopigwa pasi upande mmoja, na habari kwamba hakuna aliyemuuliza lolote kazini, ila wenzake wamemchangia dawa ya meno. Wency alikuwa amechoma samaki, amepika wali wa maji mengi kama anavyoupenda mama yake, na bakuli la supu lenye maini mpaka juu.

Watu walipoketi, Lola Puring akakunja mikono, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyeomba.

"Bwana, asante kwa chakula, na kwa Wency aliyekipika bila kukiunguza. Asante kwa kadi ya kliniki. Nilikuwa nimeanza kuzoea kuikosa kabla haijapotea." Akawatazama Perlita, Bening na Jobert. "Na ile siku, sikukushukuru, kwa sababu sikujua. Nilikuwa hapa nimekaa, feni inazunguka, nikasinzia, nikaamka, feni bado inazunguka. Watu wengi kisiwani walifanya hivyo hivyo. Hawa walikuwa wanapigiana kelele kwenye simu, mimi nasinzia. Basi nimechelewa, lakini asante. Nashukuru kwa niaba ya wote waliosinzia."

"Amina," wakasema.

Perlita akachukua upawa, akavuta bakuli la supu, akampakulia Jobert kwanza, kabla ya kumpare wake, kabla ya mumewe, kabla hata ya Lola Puring mwenyewe. Na kwenye meza ile, ambapo desturi ni mkubwa kuanza, hakuna aliyeuliza kwa nini, hata Jobert.